Mche Aliyepiga Hodi

Ko, ko, ko.

Bibi Niwaeli alifumbua macho gizani. Sauti ilitoka chumba cha pili: kisigino cha mtoto kikigonga ubao wa kitanda, mara tatu, halafu kimya, kama mgeni aliyesimama mlangoni anasikiliza kama wenyeji wameamka.

"Karibu, mke mwenzangu," bibi alijibu taratibu, huku akitafuta kandambili kwa vidole vya miguu.

Hakuna aliyeingia. Zamani, baada ya kubisha hivyo, mlango ungefunguka, na Nakijwa angepanda kitandani na miguu yake ya baridi na kuibandika kwenye tumbo la bibi yake. "Sogea, mke mwenza! Jana umempikia nini mume wetu?" "Makande." "Ya maharage?" "Ya mawe." Basi wote wawili wangecheka hadi mama mtu, Elinipa, agonge ukuta awanyamazishe. Mume wenyewe, babu yake Nakijwa, alikuwa amekufa kabla mtoto hajazaliwa. Picha yake ilining'inia juu ya kabati, na wake zake wawili, mkubwa na mdogo, walimgombania kila alfajiri.

Kisha ugonjwa ukaja. Ulianza kwa kula mikia ya maneno. Nakijwa akawa anasema "maka" badala ya makande, "bi" badala ya bibi. Baadaye ukala maneno mazima, ukahamia mikononi, ukashuka miguuni. Sasa alikuwa na miaka saba, analishwa uji kwa kijiko, na kitu pekee kilichokuwa kikisema mwilini mwake ni kile kisigino.

Elinipa alikuwa ameshawasha jiko. Alimsikia mama yake akipita kwenye ujia.

"Mama, usimwitikie. Daktari amesema ni neva tu zinaruka."

"Sawa, ni neva. Lakini ni neva zenye adabu, zinapiga hodi."

Elinipa alicheka kidogo bila kutaka, akageuka kupepea moto ili mama yake asione uso wake. Lakini bibi aliona. Aliona pia kwamba binti yake alikuwa amempashia maji ya kunawa na kuyafunika kwa sinia yasipoe. Alinawa nayo taratibu, yote, asimwage hata tone.

"Jumatatu si mbali," Elinipa alisema akiwa amempa mgongo.

"Si mbali."

"Kituoni watapata kipimo cha dawa. Halafu ataanza kutibiwa."

"Mungu akipenda, mwanangu."

*

Kituo cha utafiti wa tiba kilikuwa juu ya kijiji, kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha kukaushia tangawizi. Mashine zile ziliondolewa siku nyingi, lakini mvua ikinyesha juu ya milima ya Upare, kuta zilikuwa bado zinatoa harufu ya tangawizi, na wagonjwa waliolala wodini walisema inawapa hamu ya chai.

Upande wa nyuma palikuwa na chumba walichokiita Kitalu. Humo ndimo miche ilimokuzwa. Walikwangua ngozi kidogo kwenye mkono wa mtoto mgonjwa, wakazirudisha chembe zake utotoni, zikasahau kwamba zilikuwa ngozi, kisha wakazielekeza ziwe ubongo. Hazikuwa ubongo mzima. Zilikuwa kitu cha ukubwa wa kunde, cheupe, kimelala ndani ya kioo juu ya mkeka wa nyaya nyembamba kuliko nywele. Mche huo ulikuwa na ugonjwa uleule wa mtoto, kwa hiyo dawa ilijaribiwa juu yake kwanza, ikiongezwa mpaka mche ufe, isije ikamdhuru mtoto.

Kwa Nakijwa hapakuwa na njia nyingine. Ugonjwa wake ulitokana na herufi moja tu iliyokosewa katika maandishi ya mwili wake, na duniani hakuna mtu mwingine aliyepata kuonekana na kosa hilo. Dawa yake ilitungwa kwa ajili yake peke yake. Ikiwa kidogo, haifanyi kitu. Ikizidi, inaunguza neva. Kati ya miche mitano iliyopandwa, minne ilioza ikiwa michanga. Mmoja ulikua.

Nao ulikua kwa sababu ya bibi. Wataalamu waligundua kwamba miche inayokaa kimya haishikani vizuri ndani, lakini inayosemeshwa, hasa na sauti iliyomlea mwenye ngozi, inatoa matawi na kuunganika. Kwa hiyo Kituo kilitafuta walezi: mama, shangazi, bibi. Kazi yao ilikuwa kukaa mbele ya kipaza sauti na kuongea. Sauti iligeuzwa umeme mdogo ukaingia kwenye mkeka. Umeme wa mche nao uligeuzwa mwanga, ukawaka kwenye taa ndogo ya rangi ya chungwa.

"Hodi!" Bibi Niwaeli aliita mlangoni asubuhi ile. Mlango ulikuwa wazi na Atuganile, fundi wa Kitalu, alikuwa anamtazama.

"Karibu, bibi!"

"Hodi!"

"Pita, bibi, pita!"

"Hodi jamani!"

"Bibi wewe, tunaonana! Mwaka mzima unanipigia hodi kama mdai. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu."

Atuganile alikuwa msichana wa Tukuyu, mrefu, mwenye kicheko cha haraka. Yeye huwasha mashine mapema ili zipate moto, kisha mlezi akikaa anabonyeza kitufe cha kuanza, na kuanzia hapo kila neno linapimwa. Alikuwa ameshakifuta kigoda cha bibi, ameshatandika juu yake sweta lake mwenyewe kwa sababu ya baridi.

Bibi aliongea. Alisimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyoingia kanisani wakati wa mahubiri. Taa ya chungwa ikawa inapanda na kushuka, na alipofika mahali ambapo mbuzi alianza kutafuna joho la mchungaji, ikawaka kwa nguvu.

"Amecheka!" bibi alisema.

"Umewaka, bibi. Mche umewaka. Sema 'umewaka', siyo 'amecheka'. Mche si mtu."

"Haya, umewaka. Kiswahili kinanipiga chenga uzeeni."

"Na jina hujaupa? Maana tumekatazwa."

"Jina sijampa. Namwita mke mwenza. Hilo si jina, ni cheo."

Atuganile alicheka mpaka akashika meza.

Walipomaliza, bibi aliaga kama alivyozoea, akiinamia kipaza sauti: "Haya, nakuja kesho." Atuganile akatoka na ndoo kwenda kuchota maji. Bibi naye alikuwa amefika uani alipokumbuka mtandio wake. Akarudi. Kwa kuwa chumba kilikuwa hakina mtu, hakupiga hodi.

Taa iliwaka. Ikazima. Ikawaka. Ikazima. Ikawaka.

Kisha giza, muda wa pumzi moja.

Tena mara tatu.

Bibi alitazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa ameongea. Alisimama na mtandio mkononi, na kwa sababu alikuwa amelelewa hivyo na hakujua kufanya vingine, akaitika.

"Karibu."

Mwanga ulienea polepole ukajaa taa yote, ukatulia.

Nyuma yake ndoo iligusa sakafu.

"Huwa anafanya hivyo jioni," Atuganile alisema kwa sauti ndogo. "Siku ukichelewa anafanya hata asubuhi." Akajishika mdomo, maana alijisikia mwenyewe alivyosema 'anafanya'.

"Tangu lini?"

"Tangu masika. Huwa namwachia redio chini chini nikienda kulala, asikae kimya peke yake."

"Na hukumwambia daktari?"

Msichana aliketi kwenye kigoda, akalikunja sweta lake mapajani, akalikunjua.

"Sheria inasema mche unaojibu si kitu, hata mmea unajibu jua. Lakini mche ukianza wenyewe, ukaita kabla ya kuitwa, basi hauguswi tena. Haupewi dawa, haukatwi. Ningesema, Jumatatu isingekuwepo. Mche mwingine kuukuza ni mwaka. Bibi, Nakijwa ana mwaka?"

Bibi alijifunga mtandio, akaufungua, akaufunga tena.

*

Jioni Elinipa alikuwa anamlisha mtoto. Bibi alimwambia yote. Hakuwa mtu wa kuficha jambo ndani ya nyumba.

"Umeona taa," Elinipa alisema.

"Nimeona mtu akipiga hodi."

Elinipa aliweka kijiko. "Mtu ni huyu hapa. Mshike, mama. Mshike mkono uone, ana joto. Ana kucha, jana nimemkata. Huyo wa kwenye kioo ana kucha?"

"Hana."

"Nani amemzaa?"

Bibi aliinamisha macho kwenye bakuli la uji.

"Si nakuuliza? Nani amemzaa? Mimi sijazaa mapacha!"

Nakijwa alishtuliwa na sauti, uji ukamtoka pembeni mwa mdomo. Wanawake wote wawili waliinuka kumfuta, mikono yao ikagongana. Bibi alimwinua kichwa, Elinipa akafuta shingo. Walifanya kazi hiyo kama walivyoifanya kila siku, bila kuelekezana.

Mtoto alipolala, Elinipa alimfuata mama yake jikoni. Alikaa chini, karibu na majivu, kama alivyokuwa akikaa akiwa msichana aliyefanya kosa.

"Anasemaje?" aliuliza. "Huyo. Ukimwongelesha."

"Hasemi. Anawaka."

"Anawakaje?"

Bibi alifikiri. "Unakumbuka Nakijwa ulivyokuwa ukimnyooshea kidole kumtekenya, anacheka kabla hujamgusa? Hivyo."

Elinipa alifunika uso kwa kanga. Sauti iliyotoka ndani ya kitambaa ilikuwa nyembamba sana.

"Usimwambie daktari, mama. Nakuomba. Ninaye mmoja."

*

Daktari Mrindoko wa Kitalu hakupata kumwacha mtu mzima asimame mbele yake. Kile kigoda cha bibi alikitengeneza mwenyewe, mguu ulipovunjika, kwa kamba ya katani na gundi. Jumatatu asubuhi alimkuta bibi akimngoja ofisini, akamsogezea kiti, akamenya chungwa na kumpa nusu.

"Shikamoo, Mama Elinipa. Leo ndiyo leo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na neno zito. Kula kwanza chungwa lako."

Hakula. Alisikiliza. Bibi alipofika kwenye taa kuwaka mara tatu, daktari aliinuka, akaenda dirishani, akarudi.

"Haiwezekani. Mashine inapima kila neno. Kungekuwa na ishara tungeiona. Inapima tangu Atuganile anabonyeza..." Akakoma. "Huwa unapiga hodi saa ngapi?"

"Nikifika. Mlangoni."

"Kabla hajabonyeza."

"Nitapigaje hodi nikiwa nimeshaketi?"

Daktari alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Kipaza sauti kiko wazi tangu asubuhi. Mwaka mzima hicho ndicho kitu cha kwanza mche unachosikia. Hodi, hodi, hodi, halafu ndipo dunia inaanza. Na sisi sote tumeisikia, sote tumeitikia karibu, na hakuna aliyeihesabu kuwa ni neno. Mashine ilikuwa haijui. Sisi tulikuwa tunajua mno."

Nje kulianza mvua, na harufu ya tangawizi ikapanda ukutani.

"Nikisikia ulichoniambia," daktari alisema hatimaye, "lazima nisimamishe. Kamati itaitwa. Watakuja, watauliza, watakwenda, watarudi. Vuli itapita na masika itapita."

"Na Nakijwa?"

Alichezea maganda ya chungwa. "Kabla ya masika kumeza kutamshinda."

"Na baada ya kumeza?"

"Kupumua."

Bibi aliitika kwa kichwa. Alikuwa anajua. Alitaka tu kulisikia kwa mtu anayemheshimu.

"Mama Elinipa," daktari alisema bila kumtazama, "mvua ni kubwa, bati linapiga kelele. Inawezekana umesema na mimi sikusikia."

Ulikuwa wema, na bibi aliuona kuwa ni wema. Alikuwa anamfungulia mlango wa nyuma atoke bila kuchafuka. Alimtazama mtu huyu aliyemfungia kigoda kwa katani, akatamani kuupokea wema huo. Akashindwa.

"Hapana, baba. Umesikia. Mimi nimesikia, Atuganile amesikia, mwanangu amesikia. Tusije tukamfanyia jambo hili halafu tukasema hatukujua kulikuwa na mtu. Yule ni mtoto wangu na huyu ni mtoto wangu. Mmoja tu ndiye anayeweza kubaki." Aliweka nusu yake ya chungwa mezani. "Mtibu aliye nyumbani. Lakini fanya ukijua ni nani unayemtoa. Na mimi niwepo."

"Watanifukuza kazi. Nitakapoandika, nami nitaandika, watanifukuza."

"Najua. Nisamehe."

Daktari alichukua nusu chungwa lake, akalikunja ndani ya karatasi, akalitia mfukoni kama mtu anayekwenda safari.

*

"Hodi," bibi aliita.

Atuganile alikuwa anatandika sweta lake juu ya kigoda. Daktari ndiye aliyeitika, na bibi akaita tena.

"Hodi."

Taa ya chungwa iliwaka. Bibi aliketi kwenye sweta. Hapakuwa na kitufe cha kubonyeza leo. Kila kitu kilikuwa wazi.

Daktari alidondosha dawa ya kwanza, kidogo kabisa. Bibi alianza kusimulia. Hakusimulia mbuzi. Alisimulia habari zake mwenyewe yule aliyekuwa anasikiliza: "Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa hupendi mahindi kwenye makande. Unachagua maharage, moja moja, unakula, na mahindi unanirushia mimi kwenye sahani ukidhani sioni. Nikawa nashiba mahindi tupu. Nikakuuliza, mke mwenza, mbona sahani yangu haiishi? Ukasema, Yesu ameongeza."

Taa iliruka. Atuganile alicheka huku machozi yakimtoka.

Dawa ikaongezwa. Mwanga, ambao siku zote ulikuwa unatetemeka pembeni kama kibatari kwenye upepo, ulianza kutulia. Ukanyooka. Ukawa safi, wa rangi ya asali. Daktari aliinamia vipimo vyake na kupumua kwa nguvu.

"Kosa limefunikwa," alinong'ona. "Chembe zote zinafanya kazi. Mche umepona."

Taa ikawaka mara tatu, haraka, kwa nguvu, kama mtoto aliyepanda ngazi mbio.

"Karibu!" bibi alisema. "Karibu, mama, karibu!"

Mara tatu tena. Na tena. Haikuwahi kuita hivyo. Bibi alikuwa anacheka na kuitika, anaitika na kucheka, na kwa muda huo Kitalu kizima kilikuwa kama chumba chake cha kulala alfajiri. Kisha akaona mkono wa daktari umechukua chupa nyingine.

"Si amepona?" aliuliza. "Si hapo panatosha? Tuishie hapo, baba."

"Nimejua kipimo kinachoponya. Sijajua kinachoua." Uso wa daktari ulikuwa umezeeka tangu asubuhi. "Mwili wa mtoto huenda ukaikusanya dawa, ikajaa kuliko humu. Nisipojua ukingo uko wapi, nitamtembeza Nakijwa gizani kando ya korongo. Sema neno. Ukisema tuishie, tunaishia."

Taa iliita. Bibi aliitika, "Karibu," akiwa bado anamtazama daktari. Ndipo akainamisha kichwa, mara moja, taratibu. Atuganile akageukia ukutani.

Bibi hakuacha kuongea. Aliongea kuhusu miguu ya baridi. Aliongea kuhusu babu, jinsi alivyokuwa mfupi na alivyokuwa akikataa kusema kwamba ni mfupi, na kwamba kama angewaona wake zake wanavyomgombania angevimba kichwa asiingie mlangoni. Mwanga ulipoanza kuwa mwekundu aliongea polepole zaidi. Ulipoanza kukatika aliimba. Kila siku kwa mwaka mzima alikuwa amemaliza kwa maneno yaleyale, nakuja kesho, na sasa yalimjaa mdomoni. Aliyameza. Hakutaka neno lake la mwisho kwa mtoto liwe uongo.

Taa iliwaka. Ikazima.

Ikawaka. Ikazima.

Bibi aliinama, mkono wake juu ya kioo, akingoja ya tatu. Alikuwa na "karibu" tayari kwenye ulimi. Alingoja. Mvua ilikuwa imekwisha na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati.

"Amezimika," daktari alisema.

Hakuna aliyemsahihisha.

Siku iliyofuata Atuganile alishuka kijijini na kitu kidogo ndani ya kitambaa cheupe. Elinipa hakuuliza. Alichukua jembe, akaenda kando ya kaburi la baba yake, akachimba shimo mwenyewe, refu kuliko ilivyohitajika, na mtu alipotaka kumpokea jembe alikataa. Alipomaliza kufukia alipiga magoti akalainisha udongo kwa viganja, pole pole, kama anayemfunika mtoto shuka.

*

Nakijwa alilazwa wodini. Dawa iliingizwa mgongoni, kwa kipimo kile cha mwanga wa asali. Daktari Mrindoko alimdunga mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alidungwa na daktari mwingine, maana barua ya Mrindoko ilikuwa imefika kwenye kamati na yeye alikuwa ameshaambiwa akae nyumbani. Kabla hajaondoka aliagiza kwamba kila hodi inayopigwa Kitaluni ipimwe. Miche miwili ya watoto wengine iligunduliwa ikiita. Haikuguswa tena, watoto hao wakakosa dawa, na huko wodini kuna wazazi wawili ambao tangu siku hiyo hawakumsalimia Bibi Niwaeli. Hakuwalaumu. Aliwaachia chai kwenye chupa, mlangoni.

Badiliko la kwanza lilikuwa kisigino. Kilinyamaza. Bibi, aliyekuwa amelala siku hiyo kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa, aliamka alfajiri na kungoja, akasikia pumzi tu, nzuri, za mtoto aliyelala. Kumbe kweli zilikuwa neva. Hakukuwa na mtu aliyekuwa akibisha kwenye ule ubao. Aliyejua kubisha walikuwa wamemzika. Bibi alilala pale pale chini akauma mtandio wake ili asimwamshe mtoto.

Kisha mikono. Kisha macho, yaliyoanza kufuata watu. Kisha, siku moja ya jua, Elinipa alikuja anakimbia uani kumwambia kwamba ameitwa "ma", na bibi alimkumbatia binti yake na kufurahi furaha ya kweli, na katikati ya furaha hiyo kulikuwa na shimo, refu kuliko ilivyohitajika.

Alienda kumwona kila jioni. Alikaa, akasimulia, akamkanda miguu. Lakini muda wa kuaga ulipofika aliondoka bila maneno. Alimgusa paji la uso, akatoka. Yale maneno mawili, nakuja kesho, hakuweza tena kumwambia mtu yeyote, hata mwenye duka.

Jioni moja muuguzi alipitia akisema wageni watoke. Bibi aliinuka, akakusanya bakuli na kijiko. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia sauti nyuma yake.

Ko.

Aligeuka. Nakijwa alikuwa amekunja ngumi ndogo, nyembamba, imeinuliwa juu ya ubao wa kitanda. Uso ulikuwa umekunjamana kwa jitihada. Ngumi ilishuka.

Ko.

Kisha ikainuka tena na kubaki hewani, inatetemeka, imechoka. Bibi aliona imechoka. Alisimama na bakuli mkononi, hapumui, anatazama ule mkono, na alijua kwamba kama hautashuka yeye hataweza kuvuka kizingiti kile maisha yake yote.

Ko.

"Karibu," alisema. Lilikuwa lile lililobaki ulimini tangu siku ile Kitaluni. "Karibu, mke mwenzangu. Karibu, mama."

Mtoto alimtazama. Midomo ilitafuta njia, ikakosa, ikatafuta tena.

"Bi," alisema. "Kesho. Uje."

Na alipoona bibi yake analia na hajibu, akarudia kwa nguvu, kama anayemwamsha mtu aliyelala chumba cha pili:

"Uje tena."